Mkuki wa Kwanza

Goma, mashariki mwa Kongo, ni mji uliojengwa juu ya mji mwingine. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka ubavu, lava ilishuka mpaka katikati ya mji, ikala sehemu ya uwanja wa ndege, ikaliangusha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikamalizikia katika Ziwa Kivu. Waliokimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, waliporudi walikuta viwanja vyao si udongo tena bali jiwe jeusi, na katika baadhi ya majengo etaji, yaani ghorofa, iliyokuwa juu sasa iko usawa wa barabara, kwa sababu ile ya chini imezikwa. Hawakuhama. Walilisawazisha jiwe kwa nyundo, wakasimamisha nyumba za mbao. Aliyepata pesa kidogo akaipasua lava ileile akafanya ukuta. Aliyepata nyingi akanunua sima, yaani saruji, na vyuma, akaanza kupanda. Kiwanja Goma ni ghali na msingi unachimbwa ndani ya jiwe, basi mwenye kiwanja chembamba haongezi upana, anaongeza etaji.

Ndiyo maana anayepita mitaa ya Himbi, Katindo au Keshero macho yake yamezoea kitu kimoja: miti ya mikaratusi iliyounganishwa kwa misumari na kamba, imesimama kando ya ukuta usiopigwa lipu, na juu yake ubao mmoja. Watu wanaiita eshafodaji. Juu ya ubao yuko fundi na mwiko wake. Chini msaidizi anarusha blok, mwingine anaidaka katikati ya njia, wa tatu anaipokea juu. Mbele ya fundi kuna ukuta. Nyuma yake hakuna kitu. Hicho “hakuna kitu” ndicho ninachotaka kukitazama hapa, maana kina bei yake, kina mwenyewe, na kuna mtu aliyeamua kiwepo.

Fundi akianguka, mambo yanafuata mkondo unaojulikana. Anapakiwa juu ya moto, yaani pikipiki, katikati ya motari anayeiendesha na mwenzake anayemshika kiuno, na tayari hilo ni pigo la pili, kwa sababu mtu aliyevunjika uti wa mgongo hakalishwi. Akifa, mwenye shantie, yaani jengo linalojengwa, analeta sanduku, gunia la mchele, pengine na bahasha. Kapita, msimamizi wa mafundi, anasema maneno machache kwenye kilio, macho yake chini. Halafu watu wanasema moja kati ya mambo mawili. Wengi wanasema siku yake ilikuwa imefika. Wachache, kwa kunong'ona, wanasema yule hakuanguka, alitupwa: kuna shemeji mwenye wivu, kuna deni la kijijini, kuna tajiri anayetaka damu ili jengo lake lisimame. Baada ya mazishi ubao uleule unarudi mahali pake, umeongezewa msumari.

Ajali haina kinga, Waswahili walisema zamani, na methali hiyo imefika huku kwetu pamoja na lugha yenyewe. Siicheki. Mji huu una sababu zake za kuiamini. Wapo wazee wanaokumbuka tarehe 10 Januari 1977, lava ya Nyiragongo ilipomwagika kwa kasi iliyowazidi watu mbio. Mwaka 2002 wengine waliondoka na godoro kichwani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena jioni ya Jumamosi, na siku chache baadaye nusu ya mji ikaamriwa kuhama, barabara ya Sake ikajaa watu usiku kucha. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia, na maiti zilihesabiwa kwa maelfu. Katika mji wa namna hiyo kifo cha mtu mmoja aliyeteleza kwenye ubao kinaonekana kidogo, na kidogo hicho kinakaa vizuri chini ya neno la jumla: Mungu amependa, tutafanya je.

Kaskazini ya nchi hiihii, pande za Uele, wanaishi Wazande. Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, aliyekaa na ndugu zao wa upande wa Sudani ya wakati ule, alichapisha kitabu juu yao mwaka 1937, na ndani yake mna mfano mmoja uliosafiri mbali kuliko kitabu chenyewe. Ghala la nafaka limeinuliwa juu ya nguzo. Mchana wa jua kali watu wanakaa chini yake kutafuta kivuli. Siku moja linawaangukia. Mzande anajua ni mchwa, hahitaji mgeni wa kumweleza kwamba mchwa hula nguzo na nguzo iliyoliwa hukatika. Kinachomsumbua ni kitu kingine: kwa nini ikatike saa ileile ambayo watu hawa, na si wengine, wamekaa chini? Hapo ndipo anapotaja uchawi. Na ili asichanganye mambo hayo mawili, anatumia mfano wa mawindo. Mnyama anapigwa mkuki wa kwanza, kisha mwingine anamchoma wa pili, na wote wawili wana fungu katika nyama. Tembo akimuua mtu, tembo ni mkuki wa kwanza, uchawi ni wa pili.

Wasomi wamebishana kwa miaka mingi kama hiyo ni akili au ni ujinga. Mimi ninaona hapo nidhamu ambayo Goma tumeipoteza. Mzande anaanza na mchwa. Hatoki kwa mchwa mpaka amewataja. Ndipo anapoliendea lile swali lingine, gumu zaidi, ambalo hata mhandisi mwenye shahada ya Liège hana jibu lake: kwa nini yeye? Sisi tumebaki na mkuki wa pili peke yake. Anayesema “siku yake ilifika” na anayesema “walimtupa” wanadhani wanapingana, mmoja anakwenda kanisani na mwingine kwa mganga, lakini wote wawili wamemruka mchwa. Hakuna aliyeuliza ubao ulikuwa na unene gani.

Na mkuki wa kwanza wa Goma unashikika kwa mkono. Ni mti wa mkaratusi uliokatwa ukiwa mbichi, ukatumika shantie hii na ile, sasa umekauka na kupasuka pale misumari ilipong'olewa na kupigiliwa tena. Ni ubao wa kofraji, kiunzi cha kumwagia beto, yaani zege, na beto imeugandia, umeanza kuoza upande mmoja, na bado unabebeshwa mtu, blok na karai la chokaa kwa pamoja. Ni mguu wa mti uliosimamishwa juu ya lava. Penye udongo mti unachimbiwa nusu mita ukatulia, lakini hapa haiwezekani, basi unategeshwa kwa kijiwe, na kijiwe kinahama kila fundi anapovuta mguu. Ni eshafodaji isiyo na miti ya mshazari kutoka pembe hadi pembe, wala haikufungwa kwenye ukuta, kwa hiyo inaweza kulala yote upande mmoja na watu wote walio juu yake. Ni shimo la ngazi lililoachwa katikati ya etaji mpya, likafunikwa kwa gunia tupu la sima, ambalo ni baya kuliko kuliacha wazi, maana shimo wazi angalau linaonekana. Ni ngazi inayoishia palepale beto inapoanza badala ya kuipita kwa mita moja, hivyo anayeshuka anaachia mikono kabla mguu haujapata pa kukanyaga. Ni manyunyu ya asubuhi ya Novemba, na kandambili. Na chini ni jiwe tena, au vyuma vya nguzo vilivyosimama wima vikingojea beto ya mwezi ujao.

Ukiyapanga hayo yote mezani, unaona jambo la kushangaza kuhusu kifo hiki: hakina siri hata moja. Mlima una siri. Kuna kituo kizima cha kuuchungulia, Observatoire Volcanologique de Goma, chenye vyombo vya kupima mitetemo na gesi, na hata hivyo mwaka 2021 ulitoka bila ya mji kuonywa, baada ya miezi ambayo kituo kilikuwa kimekosa pesa za kazi yake. Ziwa Kivu nalo lina siri, metani na kaboni dioksidi zimelala kwenye kina chake na hakuna wa kuapa zitalala mpaka lini. Vita ina siri kuliko vyote. Lakini uzito wa dunia hauna siri. Mtu anayeanguka kutoka mita 3, yaani etaji moja, anafika chini kwa muda usiotimia sekunde moja, akiwa na kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 6 anafika na kasi ya karibu kilomita 39. Kutoka mita 9, kilomita 48, kama motari anayekata barabara ya Sake bila breki na kugonga ukuta. Hesabu hizo zilikuwa hivyo kabla ya Mbelgiji wa kwanza kufika ziwani, zitakuwa hivyo kesho. Hakuna mtabiri anayehitajika. Mtoto wa shule ya msingi akitazama fundi, ubao na jiwe anaweza kusema kitakachotokea. Asichoweza kusema ni siku tu.

Kwa hiyo neno “siku yake” linashika kitu cha kweli, lakini limekishika kwa mkia. Ni kweli hatujui siku. Tunajua vingine vyote. Na kwa kuwa hatujui kimoja, tunajifanya hatujui chochote.

Baina ya swali la Mzande la kwanza na la pili kuna jingine lililofichika, na hilo ndilo linalouma: nani alijua? Nililikuta mahali ambapo sikutegemea, katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, kitabu ambacho kila mtaa wa Goma una mchungaji wa kukihubiri na mstari ambao sijasikia ukihubiriwa. Sheria ya pale ni ya ujenzi kabisa. Ukijenga nyumba mpya, iwekee dari yake ukingo, mtu asije akaanguka kutoka juu ukailetea nyumba yako damu. Nyumba za nchi ile zilikuwa na dari tambarare, watu walilala juu, walianika nafaka juu, walizungumza juu. Tazama sheria inamsemesha nani. Haimwambii anayepanda awe mwangalifu. Haimwambii aombe kabla ya kupanda. Haiulizi kama siku yake imefika, na hiki ni kitabu kinachoamini kwamba siku zote ziko mkononi mwa Mungu. Inamwambia mwenye nyumba: ukingo ni wako, na usipouweka, damu ni yako. Anayeanguka ataanguka kwa sababu zake, labda amechoka, labda amelewa, labda anagombana na kaka yake. Sheria haijali. Ukingo unamshika mlevi na mzima sawasawa.

Hapa wenye shantie wa Goma wana jibu lao. Mafundi wenyewe hawajali maisha yao, wanasema. Nilimpa kaske, kofia ngumu, akaiacha kwenye mchanga. Nilimwambia asipande wakati wa mvua akapanda. Lawama hiyo ina punje ya ukweli, ndiyo maana inadumu. Fundi wa miaka 20 ana kiburi cha mtu aliyetembea juu ya ubao mara elfu bila kuanguka, na kila siku iliyopita salama anaihesabu kuwa shahidi kwamba kesho pia itapita. Ubao unazihesabu siku hizohizo kinyume. Kila siku uliyoshikilia imekula kidogo nguvu yake, imelegeza msumari, imepanua ufa. Mmoja anazidi kuamini huku mwingine anazidi kuchoka, na wanakutana.

Lakini kiburi hakielezi kila kitu. Fundi analipwa kwa siku, na siku isiyofanyiwa kazi hailiwi. Anayesema kwa kapita “mimi hapa sipandi” hafukuzwi kwa makelele, ila kesho haitwi, na getini wamesimama vijana kumi waliokimbia vita Masisi na Rutshuru wanaotaka nafasi yake. Kuita hali hiyo hiari ni kucheza na maneno. Ana hiari kweli, lakini ni ya kuchagua kati ya hatari ambayo pengine itakuja na njaa ambayo itakuja kwa hakika saa mbili usiku. Mtu mwenye akili timamu anachagua “pengine”. Ukimwita mjinga, jaribu kuipiga hesabu hiyo mwenyewe ukiwa na watoto wanne na kodi ya nyumba ya mbao mtaa wa Ndosho.

Sheria tunazo. Mwaka uleule wa lava, tarehe 16 Oktoba 2002, nchi ilipata sheria mpya ya kazi, na ndani yake kuna kifungu ambacho ningependa kila kapita akijue kwa moyo: kibarua wa siku kwa siku akishatimiza siku 22 za kazi katika miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha anahesabiwa kuwa ana mkataba usio na mwisho. Maana yake si kibarua tena. Ana haki ya kuandikishwa katika Caisse Nationale de Sécurité Sociale, ambayo sheria ya Julai 2016 iliipa kazi ya kumfidia aliyeumia kazini na jamaa za aliyefia kazini. Jengo la etaji nne halijengwi kwa siku 22. Kwa maandishi, basi, wengi wa watu wanaorusha blok Himbi ni wafanyakazi kamili wa Jamhuri. Kwa vitendo wanaishi chini ya kifungu cha 15, kile ambacho hakimo katika katiba yoyote tuliyo nayo na ambacho kila Mkongomani anakijua tangu utotoni: jipange mwenyewe. Na baada ya M23 kuuchukua mji mwaka 2025 na benki kufunga milango, hata kuuliza mkaguzi wa kazi yuko wapi kulimfanya muulizaji aonekane amelewa.

Lakini ukingo wa Kumbukumbu la Torati haukungojea mkaguzi. Hilo ndilo linalonivutia. Uliwekwa katika jamii isiyo na wizara, isiyo na kaske, na kazi yake ilikuwa palepale nyumbani, kati ya mwenye nyumba na dhamiri yake na macho ya majirani.

Kuhusu kaske, niseme neno moja kisha niiache. Miradi ya mashirika ya kigeni mjini ina vibao vizuri langoni: vaa kaske, vaa jile, vaa buti. Watu wanavaa mgeni akija. Kaske inamsaidia aliye chini jiwe likidondoka; anayeanguka kutoka etaji ya tatu hatakutana na ardhi kwa kichwa peke yake. Mkanda wa usalama nao unasifiwa sana, na ni chombo kizuri kwa masharti: uwe umefungwa juu ya kichwa cha fundi, kwenye kitu kinachoweza kubeba mwili unaodondoka. Fundi aliyeufunga kwenye mkaratusi wa eshafodaji yake amejifunga kwa mwenzake wa kuanguka naye. Zaidi ya hayo, mkanda unamtaka akumbuke kila mara anaposogea: fungua, sogea, funga. Ni kinga inayotegemea mtu aliyechoka saa tisa alasiri awe sawa na alivyokuwa saa mbili asubuhi. Wanaoifahamu kazi hii duniani wanapanga kinga kwa utaratibu ambao kwangu una maana hata nje ya ujenzi. Kwanza, kazi inayoweza kufanywa chini ifanywe chini. Pili, ukingo na sakafu pana. Tatu, wavu. Mkanda mwisho kabisa, baada ya vingine kushindikana. Kadiri kinga inavyomdai kidogo yule anayelindwa, ndivyo ilivyo kinga zaidi. Sisi tumeigeuza: tunaanza na mkanda, kwa sababu mkanda unampa fundi lawama pamoja na kamba.

Wavu una hadithi yake. San Francisco, daraja la Golden Gate lilianza kujengwa mwaka 1933, wakati ambapo wajenzi wa madaraja Marekani walikuwa na kanuni yao isiyoandikwa: kila dola milioni moja inayotumika, tegemea mtu mmoja kufa. Daraja lile lilikuwa la dola milioni 35. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, aliagiza wavu utandikwe chini ya sakafu ya daraja, kwa bei ya dola 130,000 hivi. Wanaume 19 waliangukia ndani yake wakatoka hai. Wakaanzisha chama chao, wakakiita kwa mzaha wa mafundi Chama cha Nusu ya Njia ya Jehanamu. Mwishoni, Februari 1937, jukwaa zito liling'oka likaupasua wavu na watu 10 wakafa siku moja. Jumla ya waliokufa daraja zima ni 11. Ile kanuni ya mtu kwa milioni, iliyokuwa ikisemwa kana kwamba ni tabia ya bahari na upepo, ilikuwa tabia ya bajeti.

Hao 19 wananifikirisha kuliko wale 11. Kwa kawaida aliyeokolewa hajulikani, hata na yeye mwenyewe. Fundi wa Keshero ambaye leo alipepesuka, kiuno chake kikakuta mti uliopigwa mlalo usawa wa tumbo, akashika, akatukana kidogo, akaendelea kupiga chokaa, hatasema jioni kwamba amefufuka. Atapita soko la Virunga, atanunua makayabo na unga, atalalamikia bei. Hakuna kilio, hakuna sanduku, hakuna mchungaji. Tumejifunza kuona maana palipo na tukio: kifo kina maana, muujiza una maana, ushuhuda wa Jumapili wa mtu aliyeanguka etaji mbili akanusurika unapigiwa makofi na kinanda. Mti uliopigwa mlalo hautoi ushuhuda, kwa kuwa kazi yake yote ni kuhakikisha hakuna kitakachosimuliwa. Ndiyo sababu haununuliwi. Si bei inayouzuia, ni kwamba faida yake haina sura. Huwezi kumwonyesha mwenye shantie watu ambao hawakufa.

Kadhalika huwezi kuwaonyesha wasomaji wa magazeti. Kariakoo, Dar es Salaam, jengo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, Afrika Mashariki yote ilitazama, serikali ikaunda tume. Huruma, Nairobi, Aprili 2016, waliokufa walikuwa wapatao 50, nako kulitazamwa vilevile. Wanaoanguka mmoja mmoja, leo huyu Majengo hapa Goma, mwezi ujao yule Kampala, hawafanyi jumla machoni pa mtu. Kila mmoja ni msiba wa familia yake, na familia haina tume.

Kwa familia hiyo mkuki wa pili ni mali yao, na sitaki kuwanyang'anya. Mama anayeuliza kwa nini mwanangu, kwa nini Jumanne ile, kwa nini si yule aliyekuwa amesimama karibu naye, anauliza swali ambalo Ayubu aliliuliza na hakupewa jibu lake moja kwa moja. Aliulize kanisani, aliulize usiku, amuulize yeyote. Lililo jeuri ni kapita na mwenye shantie kulishika swali lake na kujibu nalo wao. Mtu aliyeupigilia ubao anaposimama kwenye kilio akasema ni mapenzi ya Mungu, hafanyi theolojia, anakimbia hesabu. Yeye anatakiwa ajibu la mchwa, na la mchwa lina jibu.

Hesabu yenyewe si ndefu. Chukua nyumba ya mita 8 kwa 12, ambayo kwa Goma si ndogo. Mzunguko wake ni mita 40. Ukingo wa kweli una miti miwili ya mlalo, mmoja usawa wa kiuno, mwingine wa goti: mita 80, yaani miti 20 ya mita 4. Ongeza nguzo fupi za kuishikilia kila baada ya mita 2, nazo zinatoka kwenye miti mingine 6 au 7. Ongeza mbao za kufunika shimo la ngazi, zipigiliwe, zisitegeshwe tu. Ongeza ubao wa pili na wa tatu kando ya ule mmoja, fundi apate mahali pa kuweka mguu anaporudi nyuma kutazama kama ukuta umenyooka, maana kila fundi mzuri hurudi nyuma kutazama. Ongeza asubuhi moja ya watu wawili wenye nyundo. Mwenye shantie aliyekwisha kuagiza vigae na milango ya vioo kutoka Dubai anazo pesa hizo, na ataona kwamba hazipotei: ukuta wa etaji ukishafika kifuani ukingo unang'olewa na kupanda juu, ukifika mwisho miti inabeba kofraji ya beto ya juu, na nyumba ikikwisha mama anayepika maharagwe ya mafundi anainunua kwa kuni.